Treni ya matairi kwa kiwanja cha watoto: ipi ununue, ipi uiache

Mwenye kiwanja cha watoto akianza kuwaza treni, swali lake la kwanza huwa bei. Nakuomba uanze na futi kamba, upime kona za kiwanja chako. Treni ya matairi haina reli ya kuishika: kichwa kinageuzwa kwa usukani, na matela yanafuata kwa namna yalivyoungwa. Matela ya bei rahisi hukata kona, na kila moja hukata ndani zaidi kuliko lililotangulia. Kichwa kinapita salama, tela la tatu linapanda ukingo wa bustani, au mguu wa mama aliyesimama anapiga picha. Matela mazuri yanageuza matairi ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo yanakanyaga karibu palepale kilipokanyaga kichwa.

Basi kabla ya kutuma hata senti, mwombe muuzaji video ya treni hiyohiyo, ikiwa na matela yote, ikizunguka duara kamili juu ya mstari wa chaki. Akikutumia picha za mapambo tu, tafuta mwingine.

Mimi nina kiwanja kidogo karibu na bahari, Tanga. Hapa ukungu wa chumvi unakula chuma usiku na mchana, umeme unakatika bila kubisha hodi, na mapato ya mwaka yanategemea sana siku za sikukuu. Nimepanga machaguo kwa hali hiyo.

La kwanza: ya umeme, betri za lithiamu

Tafuta hasa ile lithiamu yenye chuma na fosfeti, ambayo wauzaji huiandika LFP. Inastahimili joto kuliko lithiamu za aina nyingine, na inachajiwa mara elfu mbili na zaidi kabla ya kuchoka. Chukua mfano wa pakiti ya volti 72 na saa-ampea 200: hizo ni uniti 14 na ushei, na unaweza kutumia sehemu kubwa yake bila kuiumiza. Inakubali chaji ya haraka, hivyo wakati wa swala ya adhuhuri na chakula unaiongezea, na jioni inaendelea kutembea.

Haina moshi wala kelele. Dereva anamsikia mtoto akilia kwenye tela la nyuma, na hilo kwangu ni jambo la usalama. Bei yake ya mwanzo ni kubwa, sikufichi. Ila ukigawanya kwa miaka utakayoitumia, ndiyo inayokugharimu kidogo.

La pili: ya umeme, betri za maji

Hii ndiyo niliyoanza nayo, na ndiyo iliyonifundisha. Betri hizi za asidi ukizimaliza chini ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema, kwa hiyo zile uniti 14 za kwenye karatasi unazihesabu 7. Joto nalo linazila: betri ikifanya kazi siku zote kwenye nyuzi 35 badala ya 25, umri wake hupungua karibu nusu. Idd Pili ya mwaka wangu wa kwanza, watoto wamepanga foleni mpaka getini na nguo zao mpya, treni ilianza kulegea saa kumi alasiri. Ilipofika magharibi tulikuwa tunaisukuma kwa mikono na kurudisha hela za tiketi. Nilikuwa nimeamini maneno ya muuzaji kwamba "inatembea siku nzima".

Hata hivyo naiweka ya pili, kwa sababu fundi wake yupo kila mji na betri zake zinapatikana. Ukiichukua, dai betri za kutoa umeme polepole kwa muda mrefu, kama za magari ya gofu, usikubali za kuwashia lori. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, usiweke ya bomba. Chajia mahali penye upepo, mbali na moto, maana zikichajiwa hutoa haidrojeni.

La tatu: ya dizeli

Kama kiwanja chako ni kikubwa, kina mlima, au unabeba wageni wa hoteli kwenda ufukweni, dizeli ina nguvu na haiogopi kukatika kwa umeme. Kampuni kama Dotto ya Italia zimejenga jina kwa treni za namna hii za kutembeza watalii mijini. Kwa kiwanja cha watoto siipendi: matela yapo wazi, moshi unarudi kwa walio nyuma. Za injini ndogo ya petroli ndizo za kuacha kabisa.

Na ya kuundiwa mtaani?

Wengi huniuliza kuhusu kuchukua toyo, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, kulivika umbo la kichwa cha treni na kuchomelea matela. Mafundi wetu wa kuchomelea ni hodari, sina shaka nao. Tatizo ni breki. Toyo lina breki zake tu, matela hayana. Kwenye mteremko matela yanakisukuma kichwa mpaka treni inajikunja. Kama fundi wako hawezi kuweka breki kwenye kila tela, msibebe watoto.

Treni yoyote, jaribu na mzigo kabla ya kuwapandisha. Watoto 24 wa kilo 35 ni kilo 840, yaani viroba 17 vya mchanga vya kilo 50. Vipakie, nenda kwenye mteremko wako mkali kuliko yote, shika breki. Mwendo uwe wa mtu anayetembea haraka, kilomita 6 kwa saa, na ufungwe kwenye kontrola, kile kifaa kinachoongoza mota, ili dereva asiweze kuuzidisha.

Kuna jambo ambalo vitabu vya kiwandani havilitaji: watoto wetu hudandia. Tela la mwisho lisiwe na ngazi wala bomba la kushika kwa nyuma, na mhudumu mmoja aketi hapo muda wote akitazama nyuma.

Unapoagiza nje, na nyingi hutoka viwanda vya Zhengzhou, China, andika kwenye mkataba: chaja ya volti 230 na hezi 50, kontrola ya akiba, chaja ya akiba, nati na bolti za chuma kisichoshika kutu, na tairi za saizi inayopatikana hapa. Omba hati ya EN 13814, kiwango cha Ulaya cha mashine za burudani. Zungumza na wakala wa forodha kuhusu TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla ya kulipa. Kumbuka VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya bei, nauli ya meli, bima na ushuru kwa pamoja; wengi hukwama bandarini kwa kuhesabu bei ya kiwandani peke yake.

Idd huwahi kwa siku 11 hivi kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku hiyo, miezi sita kamili, uagize hapo, ili ubaki na wiki kadhaa za kumfundisha dereva akiwa na viroba vya mchanga nyuma yake. Na kama fedha inatosha kwa treni ya betri za maji yenye matela matatu au ya lithiamu yenye mawili, chukua ya mawili.