Daktari bingwa wa majeruhi afanye kazi wapi: MOI au hospitali ya mkoa?

Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996, inampa daktari bingwa mwandamizi wenzake wa kushauriana nao. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja na kuumia kichwa anakuta bingwa wa mifupa na wa ubongo mahali pamoja. Wewe unasimamia, unafundisha, unaamua nani atangulie chumba cha upasuaji. Mzigo mkubwa ni foleni: rufaa zinatoka nchi nzima.

Mkoani mara nyingi uko peke yako. Bandama limepasuka, benki ya damu ina chupa mbili, Dar es Salaam ni safari ya kutwa. Hapo hufungui tumbo ili umalize kila kitu. Unazuia damu, unaziba utumbo uliotoboka, unafunika tumbo kwa muda, unampasha mgonjwa joto, kwa kuwa mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Baada ya saa 24 hadi 48 unarudi kumalizia. (Mtaalamu wa usingizi aliye makini ndiye anayekuvusha usiku huo.)

Kwa kubobea, MOI. Lakini bingwa aliyekwisha komaa ningempeleka mkoani: anayevuja damu tumboni hawezi kusubiri afike Dar.