Mkanda wa mgongo kutoka Ngamiani: mshono mzuri, ushauri mbovu

Mkanda huu niliununua katika duka la vifaa tiba Ngamiani, jijini Tanga, kwa shilingi 35,000. Umeshonwa vizuri: nyuma kuna vyuma viwili vyembamba vilivyofichwa ndani ya kitambaa, pembeni kuna kamba za kukazia, na sehemu ya kunatia bado inashika barabara. Kasoro yake ni joto, kwani msimu huu wa kaskazi kitambaa hulowa jasho kabla ya adhuhuri na ngozi ikaanza kuwasha.

Ninacholalamikia hasa ni maneno yanayouzwa pamoja nao. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, aliniona nikiinuka kwenye benchi kwa shida akasema, "Pole mama, hizo ni pingili zimesagika. Usiiname tena, na usiku tandika mkeka ulale sakafuni." Mteja aliyekuwa kando yangu akakata shauri kwamba ni figo. Ndivyo wengi wetu tunavyoamini: kwamba mgongo ukishauma umeharibika, na dawa yake ni kuufunga na kuupumzisha.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, halipendekezi mikanda ya namna hii, bali linahimiza mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Kuhusu hizo pingili, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa hata miongoni mwa watu wa miaka 20 wasioumwa kabisa, takriban asilimia 37 wana dalili za kuchakaa kwa diski za uti wa mgongo, yaani tabaka laini zilizo kati ya pingili. Sakafu nayo haina sifa inayopewa. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2003 uliona kuwa godoro la ugumu wa wastani liliwafaa wagonjwa kuliko lile gumu. Maradhi ya figo, kwa kawaida, huja na dalili nyingine kama homa au mabadiliko ya mkojo.

Kilichoniudhi zaidi ni maswali ambayo hayakuulizwa. Mtu anayeumwa mgongo huku miguu ikiishiwa nguvu, anayeshindwa kuzuia mkojo, au mwenye homa na anayekonda (kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia) anatakiwa hospitali siku hiyohiyo, wala si kupimwa kiuno kwa futi ya fundi cherehani.

Mkanda naupa nyota tatu kati ya tano, ushauri nyota moja. Saizi hubadilishwa bila ubishi, mradi urudi na risiti.