Punje 41 gizani: uzoefu wangu na Yume Nikki

Mpwa wangu alikuwa amefika punje ya 41 laptopu ilipozimika. Alibaki ameshika kikombe gizani, akasema, "Mjomba, tulikuwa karibu." Tulikuwa Arua, Uganda, kwa dada yangu, usiku wa mvua ile inayopiga mabati mpaka watu mnaongea kwa kupaza sauti. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na betri yote iliyobaki tuliimaliza kwa kuwasha na kuzima taa moja ndani ya gemu, kwenye chumba cha msichana asiyesema neno. Kila nikiizima, mpwa wangu anahamisha punje moja ya maharagwe kutoka sahani kwenda kikombe. Tulikuwa tunamsubiri Uboa, kiumbe anayetokea humo kwa nadra taa ikizimwa.

Yume Nikki, yaani "shajara ya ndoto" kwa Kijapani, ni gemu ya mtu mmoja anayejiita Kikiyama, ambaye jina lake halisi halijulikani. Aliitoa mwaka 2004, akaendelea kuiongezea mpaka toleo la 0.10 mwaka 2007. Tangu 2018 inapatikana bila malipo kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, na kwa kuwa imetengenezwa kwa programu ya zamani ya kuundia gemu, RPG Maker 2003, haihitaji mashine ya nguvu. Laptopu yangu ni mtumba, lakini haikusumbuka hata kidogo.

Unamwongoza Madotsuki, msichana anayeishi kwenye chumba kidogo chenye kitanda, televisheni, roshani na meza. Kwenye meza anaandika shajara, na hapo ndipo unapohifadhi ulipofikia. Ukimpeleka mlangoni anatikisa kichwa. Hatoki. Ukimlaza, anaota, na ndani ya ndoto mlango ule ule unafunguka. Nje yake kuna giza na milango 12 iliyopangwa duara, na hakuna mtu wa kukuambia uanze na upi.

Hakuna maelezo, hakuna mazungumzo, hakuna adui wa kumshinda ili usonge mbele. Kuna vitu 24 vya kutafuta, kila kimoja kinambadilisha Madotsuki kwa namna yake: baiskeli inampa mwendo, mwavuli unaleta mvua, taa ya kuongozea magari inawasimamisha waliopo. Na kuna kisu. Vingine vimefichwa mahali ambapo mtu mwenye haraka atapita mara kumi bila kuviona. Mimi nina 17 na sijafungua ukurasa wowote wa msaada.

Bibi yetu alikuwa akituuliza asubuhi tumeota nini, na jibu letu mara nyingi lilikuwa lile lile: nilikuwa nyumbani, lakini haikuwa nyumbani. Sijawahi kucheza gemu nyingine iliyoipata hali hiyo. Unatembea upande mmoja muda mrefu, unajikuta umerudi ulipoanzia, kwa sababu dunia zake nyingi zinazunguka. Muziki ni kipande kifupi kinachojirudia mpaka unaanza kukisikia hata ukiwa umevua hedfoni. Hakuna kitu kinachokurukia usoni. Hofu inakuja polepole, pale unapogundua kwamba hakuna anayekutaka chochote humo ndani, na bado unaendelea kutembea. Wale wanawake wenye midomo ya ndege wanaokukimbiza na kukutupa mahali pasipo na njia ya kutoka walinishtua, ndiyo, lakini uwanja mtupu ulinitisha zaidi.

Watu husema kila kitu kwenye gemu hii hutokea kwa bahati tu. Lakini ramani zake hazibadiliki. Kinachobahatisha ni matukio. Tukio linalojulikana kuliko yote liko kwa Poniko, yule msichana asiyesema neno. Unapita mlango wa theluji, unaingia kwenye mojawapo ya nyumba za barafu, unatokea kwenye bahari ya waridi, na hapo kuna nyumba yake. Ndani kuna swichi ya taa. Kila unapoizima, kuna nafasi 1 kati ya 64 kwamba Uboa atatokea. Mpwa wangu aliamini kwamba ikifika 64 lazima aje, ndiyo maana 41 ilimuuma. Nilimweleza kwamba hatukuwa karibu wala mbali. Kila ukizima ni kura mpya, na kura za nyuma hazihesabiwi. Ukizima mara 64, uwezekano wa kumwona walau mara moja ni kama asilimia 63, kwa hiyo zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu atamaliza punje zake zote asione kitu. Fikiria mtengenezaji anayekuwekea siri kubwa hivyo, kisha anakubali kabisa kwamba huenda usiione maisha yako yote. Namheshimu sana kwa hilo.

Mapungufu yapo. Kabla hujapata baiskeli, mwendo wa Madotsuki ni wa kuchosha mno, itafute kwanza. Ukichoka au ukinaswa, kitufe cha 9 kinamfanya ajifinye shavu na kuamka. Na mwisho wa gemu unagusa jambo zito la mtu kujidhuru. Mpwa wangu ana miaka 16, na huo mwisho nimemwambia waziwazi kwamba hatutaucheza pamoja. Mwenye moyo ulioelemewa siku hizi, naomba aiache kwanza.

Usiku wa pili umeme ulikuwepo. Tulianza upya, kikombe kitupu. Zima, punje. Washa. Zima, punje. Dada yangu alitupita mara mbili na chai akidhani tumeharibu kompyuta. Kisha nikazima, na chumba hakikuwa chumba tena: giza, mlio mzito usiokatika, na pale Poniko aliposimama pana uso mweusi kwa mweupe unaoning'inia kama nta inayoyeyuka.

"Mjomba, usimguse."

Nikamgusa. Tukajikuta mahali pasipo na rangi, mbele ya kiumbe kikubwa, na kila njia niliyojaribu haikutoka. Tulikaa hapo bila kusema kitu, mpaka nilipobonyeza 9.

Baadaye nilihesabu punje kwenye kikombe. Zilikuwa 22. Ya 23 alikuwa bado ameifumbata mkononi.