Wakala wa masomo ya ng'ambo, katikati ya jiji la Nairobi: nyota mbili kwa tano

Ofisi ninayoitathmini iko ghorofani, karibu na Moi Avenue. Jina lake siliandiki, kwani niliyoyaona pale nimeyasikia pia kwa wazazi waliokwenda kwa mawakala wengine. Mimi ni mwalimu wa Kemia huku Eastlands. Nilimsindikiza mdogo wangu aliyemaliza shahada ya biokemia na anayetaka kufanya uzamili, hatimaye uzamifu, kuhusu magonjwa yanayoenezwa na wadudu. Hatuna shamba la kuuza wala mjomba wa kutuchangia. Tulikuwa tunatafuta mfadhili, na bango la mlangoni linasema wazi: "Tunakutafutia skolashipu".

Nyota mbili nilizowapa wamezistahili. Tulipokewa kwa heshima. Kijana aliyetuhudumia alipitia matokeo ya mdogo wangu somo kwa somo, kisha akaichukua barua yake ya kujieleza na kumwonyesha kwa kalamu kila mahali alipojirudia. Mambo ya viza wanayajua. Walitufafanulia kwamba Uingereza inataka kuona karo iliyobaki pamoja na pesa za kujikimu za hadi miezi tisa, na kwamba pesa hizo lazima ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Familia yenye karo tayari itahudumiwa vizuri pale, na sioni sababu ya kuizuia isiende.

Ila sisi tulikwenda kwa ajili ya ufadhili. Kufungua faili ni Sh15,000 kwa M-Pesa, na hazirudishwi. Barua ya udahili ilikuja haraka. Kijana akatupigia simu: "Hongera mwalimu, amepata skolashipu!" Tulipofika niliomba karatasi yenyewe nikaisoma mstari kwa mstari. Karo ya mwaka, pauni 27,500. Chini yake, skolashipu, pauni 4,000. Chini yake tena, baki, pauni 23,500, na tarehe ya mwisho ya kulipa dipoziti. Nikamuuliza, "Hizi zilizobaki zinalipwa na nani?" Akanijibu kwa upole, "Hizo ni za familia, mwalimu."

Hilo ni punguzo. Muuzaji wa Gikomba akikushushia bei ya viatu, hajakununulia viatu. Mzazi anayeambiwa mwanawe amepata skolashipu huenda akaanza kuita harambee kabla hajaona hesabu ya chini ya karatasi, na hapo ndipo ninapokasirika.

Kuna jambo ambalo kila anayepanda ngazi zile anapaswa kulijua. Ni kawaida vyuo vya ng'ambo kumlipa wakala kamisheni kwa kila mwanafunzi anayejisajili na kulipa. Kwa mpango huo, wakala hana faida yoyote akikutafutia nafasi ambayo chuo kitakulipia wewe. Na katika sayansi nafasi hizo ndizo za kutafutwa. Uzamili wa kusoma darasani mara nyingi mtu hujilipia. Waingereza wenyewe wana mkopo wa serikali kwa ngazi hiyo tangu 2016, lakini Mkenya anayekwenda kwa viza ya mwanafunzi hauoni. Uzamifu una njia nyingine, kwa sababu pesa huwa ndani ya mradi wa utafiti. UKRI, asasi inayogawa fedha za utafiti za serikali ya Uingereza, ilifungua ufadhili wake wa uzamifu kwa wanafunzi wa kigeni mwaka 2021, nao wanaweza kufikia asilimia 30 ya wanaopokelewa. Inalipa karo ya kiwango cha mwenyeji na posho ya kujikimu. Tofauti kati ya karo hiyo na karo ya mgeni huachiwa chuo, na vipo vinavyoisamehe. Kwa hiyo swali la kukiuliza chuo mapema ni hilo la tofauti. Pale ofisini halikutajwa hata mara moja. Marekani nako idara nyingi za sayansi humpokea mtu mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamifu, zikamsamehe karo na kumlipa kwa kufundisha au kufanya kazi ya maabara. Ushauri wa EducationUSA, ulio chini ya ubalozi wa Marekani kule Gigiri, ni bure.

Faili lile tumeliacha. Jioni tukakaa mezani na mdogo wangu kuandika barua pepe kwa mtafiti ambaye kazi zake mdogo wangu huzisoma. Rasimu yake ilianza, "Naomba skolashipu". Nikamwambia, "Mwandikie kwanza kuhusu mbu." Akaandika upya: ni makala gani ya mtafiti huyo aliyoisoma, na swali gani lilimbakia kuhusu Anopheles stephensi, mbu wa malaria aliyetangazwa mwaka 2023 kuwa amepatikana Marsabit. Kisha akaeleza jinsi alivyopima dawa kwenye mabuu ya mbu katika mradi wake wa mwaka wa mwisho. Mistari kumi na miwili, na suala la ufadhili katika mstari wa mwisho tu. Akajibiwa! Ameombwa matokeo yake na majina ya wahadhiri wawili wa kumpendekeza. Bado si nafasi, lakini ni mazungumzo na mtu mwenye mradi, na hayo kwa wakala hatukuyapata.

Na si lazima kupanda ndege. Icipe pale Kasarani, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kina mpango wa uzamifu uitwao ARPPIS tangu 1983. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ina ofisi yake hapa Nairobi, na hufadhili masomo katika vyuo na vituo vya hapa kwetu na nchi jirani. Angalia tu sharti lao kwamba shahada yako ya mwisho isiwe imezidi miaka sita tangu uipate, maana wengi hulisoma wakiwa wamechelewa. Chuo cha Umoja wa Afrika cha sayansi za msingi kiko Juja, ndani ya JKUAT, na kinatoa ufadhili kwa vijana wa bara zima. Mtanzania au Mkongo anayesoma haya naye anaweza kuomba. HELB, bodi ya serikali ya Kenya ya mikopo ya elimu ya juu, ina mikopo ya uzamili, ila mkopo ni deni. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, ni nzuri, lakini ni ya uzamili wa mwaka mmoja na wanataka uwe umefanya kazi miaka miwili, kwa hiyo mdogo wangu imempita kwa sasa.

Kwa ofisi hii nina ombi moja. Badilisheni bango la mlangoni liseme mnatafuta udahili na kusaidia viza. Kazi hiyo mnaiweza, na wenye kuihitaji watawalipa kwa hiari. Mpaka libadilishwe, anayekwenda pale aombe kuonyeshwa kwa maandishi, kabla ya kulipa zile Sh15,000, baki ya karo itakuwa kiasi gani na nani atailipa.