Duka la spea Ngamiani lililonivusha na injini tatu uani

Nimekaa nayo hii muda, acha niandike. Kama uko Tanga na unatengeneza pikipiki mwenyewe nyumbani, hasa kama unazo zaidi ya moja zimefunguliwa, kuna duka dogo la spea ndani ndani huko Ngamiani kwenye zile barabara za namba, halina hata kibao, ukiona pistoni kuukuu zimetundikwa mlangoni umefika.

Mi sio fundi wa kijiweni, nina kazi yangu, nashika spana jioni na jumapili. Mwezi wa tatu nikajikuta na injini tatu chini kwa mpigo. SANLG 125 ya shemeji yangu anayopigia boda, ilikua inakula oili. Toyo ya miguu mitatu ya jirani inayobeba nazi kutoka Pongwe, hiyo kompresheni imekwisha kabisa. Na Suzuki TF125 ya marehemu baba, aliitumia akiwa bwana shamba, hiyo siiuzi hata nife njaa.

Ukifungua injini tatu pamoja kinachokumaliza ni kusubiri spea. Unasubiri ringi za hii unaona ngoja nifungue ile, mara boliti za hii zimehamia kopo la ile, na hapo ndo hatari maana kava la klachi lina boliti ndefu na fupi, ukilazimisha ndefu kwenye tundu la fupi unapasua kesi, yaani bodi ya injini, na kesi ikipasuka hakuna gundi itakayokuokoa.

Tena SANLG na toyo zilinichanganya zaidi kwasababu zote ni injini za aina ya CG, zile za fimbo zinazosukuma valvu, hazina mnyororo wa taiming, ukizitazama kwa nje ni ndugu. Ila ya 125 tundu lake la pistoni ni milimita 56.5 na hii toyo ni 150, tundu milimita 62, safari ya pistoni ni ileile 49.5. Kuna duka jingine hapa mjini nilienda nikasema nipe gasketi za CG, jamaa hata hakuuliza ya ngapi, akanipa. Nafika nyumbani usiku naweka juu ya bloku ya toyo, tundu dogo. Kesho yake narudi wanasema mali ikitoka hairudi. Iliniuma sana, maana jirani anategemea ile toyo kulisha watoto na ilishakaa siku tisa.

Ndo nikaelekezwa hapa. Nimesalimia, shikamoo mzee, marahaba, neno la kwanza akaniuliza "mwanangu umekuja na ya zamani?" Sikuwa nayo. Akanirudisha nyumbani, hakuniuzia kitu, na kwa kweli hapo ndo nilimwamini. Niliporudi na bloku mbili akatoa vernia, kile kipimo cha chuma cha kubana, akapima zote mbele yangu, akaniambia hii vernia inakutajia saizi tu, uchakavu wa ndani haiuoni vizuri, nenda kwa mchongaji wa bloku apime kwanza akwambie tundu litapanuliwa kwa ngapi, milimita 0.25 au 0.50, ndo uje uchukue pistoni, halafu umrudishie mchongaji pistoni mkononi achonge kwa kuifuata hiyo. Mi miaka yote nilikua nanunua pistoni kwanza! Ya toyo ikaangukia 0.50, ya shemeji 0.25, na akanionyesha namba imegongwa juu ya kichwa cha pistoni nihakikishe mwenyewe kabla sijalipa.

Halafu jambo lililonifurahisha kuliko yote, kila kitu anachokuuzia anakitia kwenye mfuko wake na kuandika kwa maka pen ni cha chombo gani. TOYO. SHEMEJI. Za TF aliuliza ya nani, nikamwambia, akaandika BABA. Ile mifuko mpaka leo sijaitupa. Akanipa na maboksi matupu nichore umbo la kava na kutoboa matundu, kila boliti ikae mahali pake ilipotoka. Tangu hapo sijapoteza hata wosha.

Ya TF ilikua ngumu kuliko zote. Hii ni tuu stroki, kwahiyo sili za kranki, zile raba zinazoziba pande mbili za shafti, ndo uhai wake. Ya upande wa magneti ikichoka inavuta hewa, petroli inakua kidogo kwenye mchanganyiko, pistoni inachemka mpaka inanoki. Ya upande wa klachi ikichoka inanyonya oili ya gia, unaona moshi mzito na oili inapungua bila kuvuja chini. Mzee hakuwa nazo, na hakunipa za kubahatisha. Alisoma vipimo kwenye ukingo wa sili ya zamani, akapiga simu Dar, siku ya nne nikaenda kupokea mzigo stendi ya Kange. Ilikuja ya magneti peke yake, ya pili bado naisubiri.

Mabaya yapo. Plate za klachi alizompa shemeji hazikumaliza mwezi mmoja zikaanza kuteleza, nilipomrudia alinibadilishia kwa nusu bei, nilitegemea bure. Kabureta zake za bei ndogo jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, hazina namba, ukitaka kurekebisha mchanganyiko unapapasa gizani, bora ununue jeti peke yake uoshe kabureta yako ya zamani. Vitu vya umeme kama koili na sidiai (kile kiboksi cha kuongoza cheche za plagi) harudishi kabisa, atakwambia mapema, kwahiyo hakikisha umepima nyumbani ujue ndo mbovu kweli.

Toyo imerudi barabarani, ya shemeji pia, ya baba ipo chini ya turubai maana huku kwetu upepo wa bahari unakula chuma haraka.

Ukienda beba spea ya zamani hata kama imevunjika vipande. Asubuhi mpaka saa nne bodaboda wamejaa hamtasikilizana, nenda baada ya saa tisa mzee akiwa ametulia. Ijumaa anafunga kabla ya saa sita na kufungua saa nane na nusu.