Klasi ya siku moja ya kuendesha, na Datsun 240Z ya baba

Watu kadhaa wameniuliza kwa meseji kuhusu ile klasi ya wenye magari ya zamani niliyoenda Jumamosi huko upande wa Athi River, kwa hivyo wacha niseme yote hapa mara moja. Nililipa shilingi 18,000 na ningelipa tena, ingawa kuna mambo mawili yaliniudhi na nitayasema.

Gari niliyoenda nayo ni Datsun 240Z ya baba. Wazee wa rika lake wanaijua vizuri, hii ndiyo ilishinda Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, halafu 1973 na Shekhar Mehta, mwaka ule Mehta na Harry Källström walimaliza na pointi sawasawa mpaka ikabidi waangalie ni nani alienda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi ya kwanza. Hiyo hadithi nimeisikia tangu niko mdogo na bado baba akifika hapo kwa pointi sauti inabadilika. Sasa fikiria unapewa funguo za hiyo gari. Silinda sita, kabureta mbili, uzito kama tani moja tu, nguvu yote inaenda magurudumu ya nyuma, ABS (ile ya kuzuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki) hakuna, usukani hauna pawa. Inavuta tamu sana lakini ukikosea hakuna kompyuta ya kukuokoa.

Mwalimu ni mzee mmoja mpole, na kitu cha kwanza alifanya hakikuwa cha mwendo hata kidogo. Alichuchumaa kando ya tairi ya nyuma, akapangusa vumbi na kidole gumba, akaniambia, "Dada, hebu nisomee hapa." Namba nne, 1409. Kumbe hiyo ni wiki ya 14 ya mwaka 2009! Meno yalikuwa bado marefu kwa sababu gari inatoka Jumapili moja moja, na sisi nyumbani tulikuwa tunasema tairi ni mpya. Akabonyeza mpira na ukucha, haukuingia, umekauka kama kwato, na ukiangalia karibu unaona nyufa ndogo ndogo zimezunguka ubavuni. Akasema na hizi hutapita kilomita 50 kwa saa, mazoezi ya mwendo mkubwa utafanya na gari yetu ya saluni. Niliumia, sikatai, lakini hapo ndipo nilianza kumwamini.

Halafu breki. Alinipeleka 25 nikakanyaga, tukashuka tukahesabu hatua kutoka kwa koni mpaka gari iliposimama, tano. Akanirudisha, sasa 50. Nilidhani zitakuwa kumi. Zilikuwa ishirini! Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama unakuwa mara nne, na hapo hujahesabu ile sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwa breki, ambayo kwa 50 gari imeshatembea karibu mita 14. Mimi nimeendesha miaka kumi na moja Nairobi na hakuna mtu alikuwa amenifanya nitembee huo umbali kwa miguu yangu mwenyewe.

Zoezi lililofuata ni la kukwepa. Unakanyaga breki mpaka magurudumu yanafunga, unakata kona, na gari inaenda mbele tu kama haijakusikia, usukani umelala na wewe unaelekea kwa koni. Mara ya tatu akapaza sauti, "Achia kidogo!" nikalegeza mguu, tairi zikaanza kuzunguka, na papo hapo pua ikageuka. Hiyo kitu nilirudia mara sita. Kwa gari ya kisasa ABS inakufanyia bila wewe kujua, kwa hii ni mguu wako.

Na raha je? Iko, tena nyingi. Alinifundisha kushuka gia huku kidole cha mguu kiko kwa breki na ubavu wa mguu unagusa mafuta, ili injini ipande kidogo kabla hujaachia klachi. Nilikosea weee, gari ikiruka ruka, halafu ikakubali mara moja, tatu kwenda mbili bila kushtuka, na hizo kabureta zikaimba. Baba alikuwa amekaa chini ya mti na chai yake. Alisimama. Hakusema kitu, alisimama tu akaangalia mpaka nikamaliza kona.

Sasa malalamiko. Tuliambiwa saa mbili, tukaanza saa tatu na nusu kwa sababu walikuwa wanangoja watu fulani, hiyo si heshima kwa mtu aliyeamka saa kumi na moja. Pili magari yalikuwa kumi na mbili na walimu wawili, unapiga foleni muda mrefu kwenye jua, wangepunguza nusu. Chakula kilikuwa sawa.

Saa ya mwisho ni barabarani, na mwalimu anataka useme kwa sauti kila unachoona. Matatu imesimama, mlango uko wazi, mtu anaweza kuchomoka. Boda anaangalia simu. Lori mbele, sioni, siovateki. Mara ya kwanza unaona haya lakini baada ya dakika kumi mguu unaanza kutoka kwa mafuta wenyewe kabla ya shida kufika. Kurudi nyumbani niliendelea nayo Mombasa Road yote, na kufika Bellevue baba naye alikuwa ameingia kwa huo mchezo, "boda kushoto kwako, huyo wa Probox anataka kuingia."

Tairi mpya nimezipata baada ya kuzunguka Kirinyaga Road siku mbili, saizi 14 nzuri si rahisi, kwa hivyo kama unataka kwenda soma hizo namba nne za gari yako kabla hujalipa.