Maoni ya mzazi: shule ya msingi inayofundisha watoto kuishi pamoja, Dodoma

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, shule za msingi za jiji hili zimepokea watoto wa watumishi kutoka mikoa mingi, ambao sasa hukaa dawati moja na watoto wa Kigogo na Kirangi. Ndiyo maana katika shule ya kutwa anayosoma binti yangu nilitazama kwanza namna inavyowalea kuishi pamoja. Kwa hilo inastahili sifa kubwa. Siku ya utamaduni, akina mama wa Kigogo waliwafundisha wanafunzi wote kupiga muheme, ngoma ambayo kwa desturi hupigwa na wanawake, na mzee mmoja akawaeleza jinsi zeze linavyotengenezwa, huku watoto wakiruhusiwa kushika na kuuliza, jambo ambalo naliona lina manufaa kuliko maonyesho ya jukwaani. Ugali wa uwele na mlenda vililiwa bila yeyote kukidharau chakula cha mwenzake. Upungufu ni kwamba mila za watoto waliohamia hupitiwa juu juu tu, na wazazi huarifiwa kwa kuchelewa, hivyo wengi wetu hatupati nafasi ya kushiriki. Uongozi ukilirekebisha hilo, nitaipendekeza kwa kila mzazi mgeni jijini.